Kiko cha marehemu baba kimenyooka, cha shemeji kimepinda: nianze na kipi?

Salaam aleikum Mzee,

Mimi ni seremala hapa Arua, nina miaka 44, mke na watoto wanne. Marehemu baba alikuwa mkulima wa tumbaku, na sisi tulikulia kwenye mabanda ya kukaushia. Nilijua kuchambua majani kwa rangi kabla sijajua kusoma. Alifariki mwaka jana. Katika vitu vichache alivyoacha, mama alinipa kiko chake. Kimenyooka kama kalamu, bakuli lake ni la mti wenye wekundu wa kuiva, mrija ulikuwa mweusi lakini sasa umeingia ukijani, na pale mdomoni pana alama mbili za meno yake, upande wa kushoto.

Sigara nimevuta tangu nina miaka 20. Siku hizi ni kama kumi kwa siku. Tangu mwezi uliopita kikohozi cha asubuhi kinanisumbua, ndipo nikaamua niache sigara nihamie kwenye kiko. Baba alivuta kiko maisha yake yote na alifikisha miaka 79.

Shemeji yangu anayekaa Kampala alipopata habari, akaja na kiko kingine, kimepinda kama shingo ya bata. Anataka shilingi 180,000, na juu yake ananiongezea pakiti ya tumbaku yenye harufu ya vanila. Anasema kiko kilichonyooka ni cha waliozoea. Anayeanza aanze na kilichopinda. Kwanza, moshi wake unafika mdomoni umeshapoa. Pili, hauchomi ulimi. Tatu, hakichoshi taya. Hilo la tatu limenigusa, kwa sababu jino langu moja la juu linacheza, na nia yangu ilikuwa kukibana menoni huku mikono inapiga randa.

Cha baba nimekijaribu mara moja, nyuma ya nyumba. Nilijaza jani la mwaka huu kutoka kwa binamu yangu anayelima. Ulimi uliwaka kama nimelamba pilipili, nikakirudisha kwenye boksi. Shemeji akasema, "Unaona sasa?" Mama naye, alipokiona kiko cha shemeji mezani, hakusema neno. Aliinuka, akaingia ndani.

Ninunue? Na cha baba kinavutika, au ni cha kuweka kabatini tu?

Seremala, Arua

*

Waleikum salaam, mwanangu. Pole sana kwa kuondokewa na mzee.

Jibu ulipate mapema, usije ukatoa pesa kabla hujafika mwisho wa ukurasa: kiko cha shemeji usinunue. Sisemi ni kibaya. Ila katika zile sababu tatu alizokupa, ya kweli ni moja, na hiyo moja ukiniruhusu nitakuonyesha kwamba haikuhusu.

Nimevuta kiko miaka 19 hapa Jinja. Viwili vya kwanza vilikuwa vimepinda, cha tatu kimenyooka. Niliacha siku daktari wa meno alipoona baka jeupe ndani ya shavu langu, upande uleule ambao mrija ulizoea kukaa. Lilikatwa, likapimwa, nikasalimika. Kwa hiyo nitakueleza habari za viko kwa ukamilifu, kwa sababu umeniuliza kwa heshima na una haki ya kujibiwa. Lakini kuna jambo katika barua yako linalonisumbua kuliko umbo la kiko, na nitaanza nalo.

Ni hicho kikohozi. Umesema kilianza mwezi uliopita. Hapa Uganda mtu akikohoa wiki mbili au zaidi anatakiwa apimwe kifua kikuu, na kipimo cha makohozi katika vituo vya serikali hakilipiwi. Nenda wiki hii. Usiseme ni sigara tu. Huenda ni sigara kweli, lakini mwenye kusema hivyo awe ni mtu aliyekupima.

Ukiwa hapohapo mwambie mhudumu kwamba unataka kuacha sigara, kwa sababu kiko hakitakuachisha. Baba yako alianza na kiko na akabaki na kiko, basi nakisia alivuta kama wazee wote wa kiko niliowajua: moshi unaingia mdomoni, unazungushwa, unatolewa. Haushuki kifuani. Nikotini ya kiko hupenya kwenye ngozi laini ya mdomo, kwa hiyo mvutaji hana haja ya kuumeza moshi. Wewe una miaka 24 ya kumeza moshi. Kifua chako kimeshafundishwa, na ukiweka mrija mdomoni kitaumeza bila kukuuliza. Moshi wa kiko ni mzito. Mvuta sigara anayehamia kwenye kiko na kuendelea kuumeza hajapunguza kitu. Na hata asiyeumeza hajaokoka: saratani ya mdomo, ya ulimi, ya koo na ya umio huwapata wavuta kiko. Miaka 79 ya baba yako ilikuwa riziki yake. Usiifanye kipimo cha dawa.

Kama baada ya hayo yote bado unataka kukaa na kiko cha mzee jioni moja moja, tuongee viko.

Shemeji amesema kilichopinda kinapoza moshi. Hapana. Kinachopoza moshi ni urefu wa njia na utaratibu wa mvutaji. Wazee wa Buganda walikuwa na emmindi, kibakuli cha udongo kwenye mwanzi mrefu ulionyooka, na moshi ulipofika mdomoni ulikuwa umeshasafiri, umepoa na kuacha maji yake njiani. Kile ni kiko kilichonyooka kabisa, na kinapoza kuliko chochote atakacholeta shemeji. Kiko cha kisasa cha mfukoni, kiwe kimenyooka au kimepinda, njia yake ya moshi ni karibu ileile. Kukunja bomba hakupozi kilichomo.

Basi ulimi wako uliwaka kwa nini? Kwa sababu mbili, na zote umenitajia mwenyewe bila kujua. Ya kwanza ni jani. Tumbaku ya Arua kwa miaka mingi imekuwa ya aina iitwayo Virginia, inayokaushwa kwa joto la moto ndani ya banda, ndiyo hiyo uliyoichambua utotoni. Ukaushaji ule wa haraka huiacha na sukari nyingi, ndiyo maana inapendeza rangi na kunukia vizuri, lakini kwenye kiko huwaka kwa ukali. Jani la mwaka huuhuu, halijatulia, halijachanganywa na kitu, hata mvutaji wa miaka 30 lingemng'ata. Aina nyingine, iitwayo burley, inayokaushwa kwa upepo kama wanavyofanya Bunyoro, sukari yake ni kidogo na huungua polepole. Ya pili ni pumzi yako. Mvuta sigara huvuta kwa nguvu na mfululizo. Kwenye kiko ukifanya hivyo bakuli linageuka tanuri, na unyevu uliomo kwenye tumbaku unakuja ulimini kama mvuke wa sufuria. Mvuke ndio uliokuunguza. Ungeshika kiko cha shemeji siku ile, ungeungua vilevile.

Sasa taya. Hapa shemeji amesema kweli. Wewe ni fundi, jaribu mwenyewe: shika nyundo kwenye ncha ya mpini, uinyooshe mbele, kisha uiache kichwa kining'inie chini. Uzito haujabadilika, lakini mkono unasikia tofauti. Kiko kilichonyooka kinaweka bakuli mbali na meno, na meno ndiyo yanayobeba. Kilichopinda bakuli linaning'inia karibu na kidevu, na mvuto unapungua. Kwa mwenye meno ya bandia au mwenye jino bovu ambaye lazima akae na kiko mdomoni saa nzima, nisingesita kumwambia achukue kilichopinda, hata cha kupinda nusu tu.

Lakini wewe ulitaka kukibana ili upige randa. Mwanangu, hilo nalikataa kwa sauti. Karakana yako ina maranda sakafuni, vumbi la mbao hewani, labda na kopo la thina pembeni. Cheche moja ikiruka kutoka kwenye bakuli, mali ya watoto wanne imekwenda. Pia ni kosa: Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, inakataza kuvuta mahali pa kazi na mahali pa umma, na hata nje yake ndani ya mita 50. Kwa hiyo kiko chako, kama kipo, ni cha jioni, umekaa, mikono haina kazi. Na mkono usio na kazi ndio wa kushika kiko. Jino halihusiki tena. Jino lenyewe lipeleke likaangaliwe, kwa sababu ufizi wa mvutaji huoza kimyakimya.

Ndiyo maana nikasema sababu ya tatu haikuhusu.

Sasa nikueleze ambalo shemeji hakulitaja. Tumbaku ikiungua hutoa maji, na maji yale hutafuta mahali pa chini. Katika kiko kilichopinda mahali pa chini ni pale penye kona, bakuli linapokutana na mrija. Yanajikusanya pale, na kila ukivuta yanakoroma, na mara nyingine tone chungu linapanda mpaka ulimini. Ni uchungu ambao mtu akishauonja hausahau. Peterson, watengeneza viko wa Dublin, Ireland, waliliona tatizo hili mapema wakalipatia dawa, kijishimo cha kukusanya maji ndani ya shingo ya kiko, wakakisajili mwaka 1890. Viko vyao vya aina hiyo vinapinda na havisumbui sana. Kwa jinsi ulivyokieleza cha shemeji siwezi kujua kama kina kijishimo hicho. Vingi havina.

Kisha kuna usafi, na hapa ndipo mahali panapoamua. Walio na maduka ya viko karibu hutumia vijiti laini vya waya na nyuzi, wakapitisha kimoja kila baada ya kuvuta. Arua utavipata wapi? Kiko kilichonyooka kinasafishwa na chochote chembamba na kirefu: bua kavu la nyasi, unyoya wa kuku, hata spoki ya baiskeli iliyozungushiwa uzi wa pamba ukiingizia upande wa ndani, mahali mrija unapochomekwa. Kilichopinda kinakubali unyoya tu, tena ukiwa na bahati. Ukiwa dukani siku yoyote, jaribio ndilo hilo: pitisha unyoya kuanzia mdomoni. Ukitokea chini ya bakuli bila kulazimishwa, fundi alitoboa vizuri. Wewe unajua kwa nini wengi hukosea kwenye kilichopinda. Kilichonyooka ni keekee moja, mstari mmoja. Kilichopinda shingo hutobolewa kwa mshazari, na mrija hutobolewa ukiwa umenyooka kisha unapashwa moto na kukunjwa. Tundu likitokea juu kidogo ya sakafu ya bakuli, tumbaku ya chini haiungui kamwe, inabaki tope.

Kwa hiyo cha baba yako. Kwa maelezo yako nadhani ni cha briari, na briari si mti wa kawaida. Ni uvimbe unaoota kati ya shina na mizizi ya kichaka cha nchi za Bahari ya Kati. Unachemshwa kwa saa nyingi, unakaushwa kwa miezi, na hauungui upesi. Wachongaji wa Saint-Claude, Ufaransa, ndio walioueneza katikati ya karne ya 19. Cha ajabu, mti huohuo unaota hata kwetu, juu kwenye Milima ya Ruwenzori, ila pale ni hifadhi ya taifa tangu 1991 na panga halipandi. Nalisema hili kwa sababu najua maseremala: ukishapenda kiko utataka kuchonga chako kwa kipande cha mbao kilichobaki. Usifanye. Mbao nyingi zitaungua pamoja na tumbaku, na nyingine moshi wake ni sumu. Na gunzi pia. Huko Missouri, Marekani, viko vya gunzi vinatengenezwa tangu 1869 na ndivyo vya bei nafuu kwa anayeanza, lakini ni mahindi yaliyoteuliwa kwa gunzi nene, yakakaushwa muda mrefu. Gunzi letu la kuchoma jioni litatoboka.

Kikague mchana. Bakuli likiwa baridi kabisa, zungusha mrija polepole huku ukivuta. Ni ulimi na tundu kama kiungo chochote cha mbao, na ukiuchomoa ukiwa wa moto utavunja ulimi. Mulika tochi ndani ya bakuli. Utaona ukoko mweusi wa masizi: huo haupaswi kuondolewa wote, unalinda mbao. Ukiwa mnene kama sarafu, acha. Ukizidi, ukwangue taratibu kwa kisu butu. Tafuta ufa, tafuta mahali palipochimbika ukutani. Kama hamna, loweka pamba kwa waragi, ile pombe kali yetu, jaza bakuli, lala nayo usiku mmoja, kisha pitisha waragi kwenye njia ya moshi kwa spoki na uzi mpaka uzi utoke mweupe. Waragi hapo ina kazi nzuri kuliko kazi yake ya kila siku. Usiguse sehemu ya nje ya bakuli nayo, itabeba rangi. Kiache kikauke siku mbili au tatu.

Ukijaza, kuna kanuni ya zamani ya mikono mitatu: tabaka la chini lishindilie kwa mkono wa mtoto, la kati kwa mkono wa mwanamke, la juu kwa mkono wa mwanamume. Tumbaku iwe imekauka kiasi kwamba ukiibana kidoleni inaachia yenyewe. Washa kwa kiberiti, iache ivimbe, ishindilie, washa tena. Kisha vuta kama unavyokunywa chai ya moto sana. Kikizimika, kizimike, hata mzee wangu aliyenifundisha alikiwasha mara nne. Bakuli likikuchoma kiganja, weka chini. Na kisivutwe siku mbili mfululizo.

Ile pakiti ya vanila mrudishie shemeji pamoja na kiko chake. Sheria ileile ya 2015 imepiga marufuku tumbaku yenye ladha iliyoongezwa, kama ilivyopiga marufuku shisha. Mrudishie kwa upole, ni ndugu wa mke wako na nadhani alitaka kukusaidia.

Moshi usiingie nyumbani, wala jikoni, wala mahali watoto wanapolala au kusomea. Mke wako hujamtaja kwa neno hata moja zaidi ya kusema unaye. Muulize yeye kabla ya kuniuliza mimi mara ya pili.

Limebaki la mrija. Ule ukijani ni kazi ya jua na hewa kwenye mpira mgumu, si uchafu, na kwa msasa laini wa maji utarudi mweusi kwa nusu saa. Mikono yako inajua. Ila alama mbili za meno zipo palepale juu ya ukijani, na msasa hauchagui. Mama yako alinyamaza alipoona kiko cha shemeji mezani, na mimi nimeusoma ukimya wake mara nyingi tangu barua yako ifike. Kabla hujasugua chochote, kaa naye, mpe kiko mkononi, umuonyeshe zile alama upande wa kushoto. Akisema ziache, sugua kuzizunguka.